Kitanda cha Spika

Kobe akiinama, anatunga sheria. Ndivyo tunavyosema tukimwona mtu kanyamaza muda mrefu. Baba alikuwa na kobe uani kwake Mbagala, na kwa sababu ya msemo huo alimwita Spika. Nilipokuwa darasa la tano Spika alikuwepo. Nilipomaliza chuo alikuwepo. Mwaka jana mwezi wa nne, tuliporudi makaburini kumzika Baba, Spika alikuwa chini ya mwembe amejifukia nusu mwili, na hakuna aliyemkumbuka mpaka siku ya arobaini.

Siku hiyo tulikaa kikao cha familia. Nyumba ipangishwe, kodi igawanywe. Mpangaji akapatikana haraka, mtu mzuri tu, ila alikuja na mbwa wawili. Dada akanipigia simu.

"Mdogo wangu, hawa mbwa wamemgeuza Spika mara mbili leo. Nimemkuta miguu juu."

"Kwa hiyo tufanyeje?"

"Wewe ndiye ulikuwa unamlisha matikiti. Mchukue."

Ninaishi Mwananyamala, chumba na sebule. Ua wetu ni wa wapangaji sita, na wawili kati yao wana bodaboda. Kobe hawezi kukaa pale hata saa moja. Ikabidi nimweke ndani. Nikaenda kumchukua Jumamosi moja ya mwezi wa saba, nikampakia kwenye tenga la nyanya, nikalipa bajaji, nikafika naye nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyefanya jambo jema bila gharama kubwa.

Nilimtua kwenye marumaru. Akatoa kichwa, akapiga hatua, miguu ya mbele ikateleza ikaenda huku na huku kama mtu aliyekanyaga sabuni. Akajaribu tena. Zikasikika kucha zake zikikwaruza marumaru, na gamba likigonga chini. Kwa miaka zaidi ya ishirini sikuwahi kumwona Spika akishindwa kutembea. Nikajua hapo hapo kwamba sijui chochote kuhusu mnyama huyu. Nilichokuwa nikikijua ni ua wa Baba, na ua ule ndio uliokuwa unafanya kazi yote.

Basi nikaanza kumtafutia malalo.

Kwanza nilitandika nilichokuwa nacho kwa wingi, magazeti. Mwandishi wa habari hakosi magazeti. Nikakunjua ya wiki nzima, juu yake nikaweka blanketi la zamani nililolikunja mara nne. Nikaona nimemtendea kifalme. Kwenye magazeti aliteleza vile vile. Kwenye blanketi kucha zilinasa kwenye nyuzi, nikamkuta asubuhi mguu mmoja umefungwa uzi, anavuta. Habari moja niliyoiandika kuhusu bei ya korosho aliilowanisha kwa mkojo kisha akaichana katikati. Wahariri wengine hufanya hivyo hivyo, sikulalamika. Lakini siku nne hakula kitu.

Pili nikaenda Keko kwa mafundi seremala, nikapewa gunia la maranda bure. Yalikuwa meupe, yanavutia, yananukia mbao mbichi. Harufu ile niliyoipenda ndiyo iliyokuwa tatizo. Mbao za jamii ya msonobari zina mafuta yenye harufu kali, na kwa mnyama anayelala pua ikiwa karibu na sakafu, mafuta hayo pamoja na vumbi jembamba huwasha macho na mapafu. Siku ya tatu Spika alikuwa anafumba jicho moja, na puani palikuwa na vipovu. Nikayazoa yote usiku ule ule.

Tatu nikanunua ndoo mbili za mchanga wa kujengea. Mchanga nikauona ni jibu la wazi, si ndio wanyama wa nje wanakotembea? Rafiki yangu mmoja ni daktari wa mifugo. Nikamtumia picha kwa simu, akanijibu kwa sauti.

"Ndugu yangu, umeweka jani la mchicha juu ya mchanga? Akila jani anakula na mchanga. Mchanga hautoki kirahisi, unajazana tumboni kama saruji. Na huyo uliye naye si kobe wa jangwani. Mtazame gamba upande wa nyuma."

Nikatazama. Sehemu ya nyuma ya gamba la juu ina kiungo kama bawaba ya mlango. Spika akiogopa, huishusha, akafunga miguu ya nyuma ndani. Nimeliona jambo hilo tangu utotoni nikadhani kobe wote wako hivyo. Kumbe ni jamii yake, inayoitwa Kinixys kwa jina la kisayansi. Jamaa zake wanaishi kwenye vichaka na misitu yetu ya pwani, na hawali majani peke yake. Hula uyoga, jongoo, konokono, matunda yaliyoanguka. Wakati wa ukame hujichimbia kwenye udongo na majani makavu wakangoja mvua. Kobe wa namna hiyo hatandikiwi kitu cha kulalia juu. Anatakiwa apewe kitu cha kuingia ndani yake.

"Kwa hiyo nimwekee nini?" nikamuuliza daktari.

"Alikuwa analala wapi kwa mzee?"

Swali jepesi kabisa, na ni mimi niliyepaswa kujiuliza siku ya kwanza. Alikuwa analala chini ya mwembe.

Jumapili nikarudi Mbagala na magunia mawili na koleo la kuazima. Nilichimba pale pale Spika alipokuwa akijifukia, palipokuwa na udongo mweusi mwepesi uliochanganyika na majani ya mwembe ya miaka na miaka. Hapakuwa na dawa ya wadudu wala mbolea ya dukani. Mpangaji alisimama mlangoni akinitazama, mbwa wake wakiwa wamefungwa. Mtoto wa marehemu anakuja kuchimba uani kwa baba yake, hasemi anatafuta nini. Najua alichokuwa anawaza, na sikuwa na nguvu ya kueleza.

Udongo ule niliuchekecha kwa chekeche la mafundi ujenzi ili kutoa vipande vya chupa, misumari na mawe makali. Kisha nikauanika kwenye turubai siku mbili za jua kali, nikiugeuza asubuhi na jioni, sisimizi na kupe watoke. Lakini udongo peke yake ukikauka ndani ya nyumba unakuwa vumbi, na ukimwagiwa maji unakuwa tope. Unahitaji kitu cha kuushika. Daktari akaniambia wenzetu Ulaya hununua matofali makavu ya nyuzi za nazi madukani, wakayaloweka yakafumuka, wakachanganya na udongo.

Nilicheka peke yangu. Nyuzi za nazi? Ni usumba huo! Kila muuza madafu wa mji huu ana rundo la makumbi pembeni analotafuta mtu wa kumwondolea. Nikabeba gunia zima bila kutoa hata mia. Shangazi, dada yake Baba, alikuwa amekuja kunisalimia siku hiyo. Akakuta nayaloweka makumbi kwenye beseni.

"Unataka kusokota kamba?"

"Hapana Shangazi. Namtengenezea kobe wa Baba kitanda."

Akakaa kwenye kigoda, akavua khanga ya juu, akaomba mchi. Makumbi ya kamba, akanieleza, hufukiwa pwani kwenye maji ya bahari kwa miezi mpaka nyama yake ioze zibaki nyuzi, ndipo hupondwa. Kwa kitanda cha kobe haikuwa na haja ya kungoja hivyo. Na ya baharini yangetuletea chumvi, ambayo ni lazima ioshwe na kuoshwa tena. Tulichukua yale yaliyokwisha kulainika kwa mvua, tukaponda, tukachambua, tukasuuza maji matatu mpaka rangi ya chai ilipopungua.

"Baba yako amezaliwa juu ya hiki," akasema akiwa na kiganja cha usumba. "Godoro letu lilikuwa la usumba. Linachoma mwanzoni. Ukilizoea hutaki lingine. Na kila baada ya muda mama alikuwa anafumua, anaanika, anachambua, anajaza upya."

Sikumjibu. Nitaeleza kwa nini.

Chombo chenyewe kilikuwa kabati la nguo la Baba, ambalo lilikuwa fungu langu baada ya kugawana vyombo. Fundi alinishauri nisitafute sanduku: "Lilaze tu chali, toa milango." Tukalilaza chini ya dirisha. Ndani nikatandika nailoni nzito ili mbao zisioze. Nikachanganya udongo na usumba nusu kwa nusu, nikamimina mpaka kina kikafika kama sentimita 15, yaani kina cha kummeza Spika na gamba lake. Chini kabisa unyevu, juu pakavu. Kipimo cha unyevu ni cha mkono. Unakamata konzi, unaminya. Ukifungua kiganja mchanganyiko ushikane, lakini maji yasichuruzike. Yakichuruzika umezidisha, na unyevu wa kudumu chini ya kobe huleta kuoza kwa gamba na ukungu, hasa Dar ambako hewa yenyewe tayari ina maji. Pembe moja nikaiacha na unyevu zaidi, nikafunika kwa majani makavu ya mwembe na chungu kilichovunjika nilichokilaza ubavu. Upande wa dirisha nikauacha mkavu, jua la asubuhi limpate. Chakula nikakiweka juu ya jiwe bapa, asile udongo. Maji kwenye kisahani kifupi cha udongo.

Kabati lililolazwa chali, bila milango, lenye udongo ndani, linafanana na kitu kimoja tu. Dada alipokuja kuona alisimama mlangoni akashika mdomo. Halafu akacheka, nami nikacheka, kisha tukanyamaza wote wawili.

Tulimweka Spika saa kumi jioni. Alisimama tu kama dakika kumi. Kisha akatembea, na miguu haikuteleza. Akafika kwenye ile pembe yenye majani, akaanza kuchimba kwa mguu mmoja wa mbele, akapumzika, akachimba kwa mwingine. Ilimchukua karibu saa nzima. Magharibi ilipoingia lilibaki gamba kidogo tu, kama jiwe lililojitokeza njiani. Kesho yake alikula mchicha, papai na konokono wawili.

Sasa nirudi kwa lile godoro la Shangazi.

Baba alipata kiharusi mwezi wa kwanza. Upande wa kulia ulikufa, maneno yakawa mazito. Mimi nilikuwa na kazi, safari, na visingizio. Dada alihamia Mbagala kumuuguza. Mchango wangu mkubwa ulikuwa godoro. Nilinunua futi tano kwa sita, inchi kumi, lililokuwa ghali kuliko yote dukani. Nikalileta Jumapili kwenye kirikuu, majirani wakaona. Baba akalazwa juu yake, akasema taratibu, "Godoro zuri, mwanangu."

Wiki ya tatu Dada alinipigia simu. "Baba anasema anataka mkeka. Anataka kulala chini."

"Mwambie avumilie. Mkeka utamuumiza, mwili wake hauna nguvu."

Nikakata, nilikuwa kwenye mkutano.

Muuguzi mmoja aliyekuwa akija nyumbani alimweleza Dada kitu ambacho mimi nilikisikia baada ya msiba. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza haokolewi na unene wa godoro. Anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, shuka inyooshwe isiwe na mikunjo, akaguliwe visigino, nyonga na mfupa wa mkia kila siku. Godoro nene lililo laini mno lilimzamisha, likamtoa jasho, na kwa mkono mmoja mzima hakuweza hata kujisogeza kidogo. Kwenye kitu kigumu zaidi labda angeweza. Sisemi mkeka ulikuwa jibu. Huenda muuguzi angeukataa vile vile. Ninachosema ni kwamba aliniagiza kitu, nikamjibu bila kumuuliza kwa nini.

Ninyi mnaosoma vitabu mtakuwa mmeshaikumbuka hadithi. Katika Things Fall Apart ya Chinua Achebe, iliyotoka 1958 na ambayo sisi tunayo kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo, mama anamsimulia binti yake kisa cha kobe aliyepanda mbinguni kwa manyoya ya kuazimwa. Ndege wanamkasirikia kwa ulafi, kila mmoja anachukua unyoya wake. Kobe anamtuma kasuku kwa mkewe: toa nje vitu vyote laini vilivyomo ndani, nipate pa kuangukia. Kasuku anafika, anamwambia mke atoe vitu vyote vigumu. Majembe, mapanga, mikuki. Kobe anaanguka na gamba linavunjika vipande, ndiyo maana mpaka leo lina viraka.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alitusimulia kisa hicho huku Spika akipita miguuni petu. Siku zote nilidhani mwovu ni kasuku. Sasa namfikiria zaidi mke. Alipokea ujumbe, akatekeleza kwa bidii, akatoa kila alichokuwa nacho. Alimjua mumewe, alijua kwamba mtu anayeanguka hataki mikuki. Hakuuliza.

Kuna mwingine aliyerithi kobe kabla yangu. Mchungaji Gilbert White wa Selborne, Uingereza, aliachiwa kobe aliyeitwa Timothy shangazi yake alipofariki Machi 1780. Timothy alikuwa bado amelala usingizi wa baridi ardhini. White alimfukua, akamsafirisha kwa gari la farasi maili 80, karibu kilomita 130, na alipomtua bustanini kobe alizunguka kidogo kisha baridi ikamrudisha kwenye udongo tifutifu. White alimchunguza miaka mingi na kumwandika kwenye kitabu chake cha 1789, namna anavyochimba kwa miguu ya mbele polepole mno. Gamba la Timothy limehifadhiwa London, na wataalamu waliolichunguza baadaye waligundua kwamba alikuwa jike. White hakujua. Jambo hilo linanifariji. Unaweza kumtazama kiumbe kwa mapenzi na subira yote hiyo, na bado ukamkosea jina.

Ningependa kuishia hapo, lakini daktari aliniuliza swali la pili. "Una kibali?"

Sikuwa nacho. Baba pia hakuwa nacho, alimwokota barabarani huko Kisarawe akiwa mdogo. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, wanyamapori wote ni mali ya umma, Rais ni mdhamini tu, na kumweka mmoja ndani bila kibali ni kosa. Nami nimewahi kukaa mahakamani nikiandika habari za watu waliokamatwa na kobe kwenye mabegi! Nilipokuwa mwanafunzi nilikwenda Changuu, kisiwani Zanzibar, nikapiga picha na wale kobe wakubwa. Walianza wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wakazaana, kisha wakaibwa mmoja mmoja mpaka mwaka 1996 wakabaki saba. Wengine waliibwa kwa ajili ya kitoweo. Wengine waliibwa na watu kama mimi, wanaotaka kobe sebuleni.

Nikaandika barua, nikaipeleka mwenyewe. Nilieleza ukweli wote. Wakaniambia ningoje, watakuja kumchukua, na wakaniuliza anakula nini na analala wapi. Nilipoeleza, ofisa aliandika muda mrefu.

Ilichukua wiki tano. Wiki hizo kila asubuhi niliokota kinyesi kwa kijiko, nikageuza udongo kwa uma wa bustani, nikanyunyiza kikombe kimoja cha maji pembeni, nikapima konzi. Nilinawa mikono kwa sabuni kila nilipomaliza, kwa sababu kobe hubeba vimelea vya kuharisha hata akiwa mzima, na Dada ana mtoto mchanga. Kazi hii haifiki dakika kumi na tano. Nilikuwa naifanya kila siku kabla ya kwenda ofisini, bila kuchelewa hata mara moja. Dada aliliona hilo. Hakusema kitu, nami namshukuru kwa kutosema.

Walipokuja walikuwa wawili, kijana na mama wa makamo. Mama yule aliinama kwenye kabati, akachukua konzi ya udongo, akaminya, akafungua kiganja.

"Nani kakufundisha?"

"Shangazi," nikasema. "Na mwembe."

Akaomba ndoo mbili za ule udongo waende nao, ili Spika asishtuke huko aendako. Nikajaza tatu.

Uliobaki Dada aliuchukua Jumapili kwa ajili ya mchicha wake. Tulipolisimamisha kabati, kwenye mbao za nyuma palikuwa na mikwaruzo mifupi mahali nailoni ilipochanika, palipokuwa pembe ya majani. Fundi ameniuliza kama nataka aipige randa. Nimemwambia aiache.